Mkono wa Fundi wa Ndege

Kwenye kiwanja cha nyasi kando ya mashamba ya ngano ya Timau, fundi wa ndege hakumpa mtu kiganja. Mikono yake ilishinda kwenye grisi, kwa hivyo ukimsalimu alikukunjia ngumi ukashika kifundo cha mkono, hata askofu alipokuja kubariki ndege mwaka wa tisini na sita. Kagwiria, mwanafunzi wa urubani, alikizoea kifundo hicho, na swali lake la kila asubuhi: "Ukianguka, utazima nini kwanza?"

"Mafuta, halafu swichi," alijibu, amechoka kuulizwa.

Siku aliporuka peke yake mara ya kwanza, gurudumu la mbele lilikatika akitua, ndege ikaserereka hadi ndani ya ngano, ikachimba udongo kwa pua. Watu walikuja mbio wakipiga nduru. Fundi alimpita Kagwiria aliyesimama mzima kando ya bawa, akaingiza kichwa ndani ya chumba cha rubani. Mafuta yamefungwa. Swichi imezimwa. Akatoka akicheka, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka.

"Hii ni mabati tu, nitanyorosha," akasema. Kisha akatoa kitambaa, akajifuta kidole kimoja kimoja, umati mzima ukingoja, akampa Kagwiria kiganja.