Bunduki ya Rangi na Kifua cha Baba

Miaka kumi na moja baba alininyima bunduki ya kupulizia rangi, na sikuficha kwamba iliniuma. Tulikuwa na karakana ya mageti na madirisha ya nondo Kaloleni. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa na kufuta vumbi kwa tina, kile kiyeyusho cha rangi. Nikiomba kupuliza, jibu lilikuwa lilelile: "Toka nje, mama. Nifungie na mlango." Wateja walimwita yeye fundi, mimi waliniita binti wa fundi, na thelathini nilishaipita! Sababu nilidhani naijua: kwake mwanamke hapulizi rangi. Basi nilinuna, nikatoka.

Sasa baba hayupo, na jamani, nazitamani hata zile asubuhi za kununa. Juni, mlima Meru umefunikwa na ukungu hata hujui kama upo, rangi inagoma kukauka, baba anapasha mikono kwa kikombe cha tangawizi kabla ya kuwasha kompresa ya upepo. Nikiwa nje nilimsikia akikohoa ndani ya wingu la rangi. Nusu ya rangi ilishika chuma, nusu ilikwenda ukutani, kwenye nywele zake, kifuani. Akitoka, ananitania kwamba nondo nimezibembeleza badala ya kuzisugua.

Kifua kilipozidi, daktari alimwambia aache rangi. Alirudi, akapuliza geti siku hiyohiyo. Nikaona hapana. Nikaagiza bunduki ya umeme, mtumba, kwa akiba yangu. Muuzaji alinieleza: umeme unayatia matone ya rangi chaji ya aina moja, kwa hiyo yanasukumana, yanatoka madogo na hayashikamani. Chuma kilichoungwa ardhini kinayavuta, hata yanayopita pembeni yanageuka na kushika mgongo wa nondo. Wingu linabaki dogo. Nilipomweleza baba, alinisikiliza kama mtu anayeuziwa dawa ya mapenzi.

Siku ya kuijaribu nilikataa kutoka nje. Tulitundika dirisha kwa kamba ya nailoni, kama siku zote, maana ndoano huacha alama. Baba akabonyeza. Ala! Rangi ilitoka laini kama mvuke wa sufuria, ikaanza vizuri, kisha ikamgeukia yeye. Ndevu nyeupe zikawa za kijani. Nikagusa dirisha, likanipiga shoti nikaruka.

"Lahaula! Umeniletea jini humu?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Akasema bunduki irudi ilikotoka, kesho anaendelea na ile ya zamani. Kicheko kikaniisha. Nikafungua tena karatasi ya maelekezo, nikaona kosa ni letu: kwa ile kamba dirisha lilining'inia bila kuungwa popote, chaji ikajaa juu yake na kuyafukuza matone. Nikakwangua kona moja hadi chuma kitupu, nikalifunga kwa mnyororo kwenye waya wa ethi, ule unaoingia ardhini.

Baba akapuliza tena, uso ameugeuza pembeni. Rangi ikaenda, ikashika. Akazunguka nyuma na tochi ya simu, akakagua nondo moja moja. Nyuma kote rangi ilikuwa imeshika, ingawa hakupuliza huko. Kisha akasimama katikati ya karakana, akavuta pumzi ndefu kwa pua. Akatazama ukutani. Akavuta tena, akasubiri. Hakukohoa.

Akaninyooshea bunduki.

"Haya, mama. Shika."

"Kumbe leo mwanamke ruksa?" nilimchokoza.

Alinishangaa kweli. "Mwanamke? Nani kataja mwanamke hapa? Lile wingu lilishanila kifua mimi. Na wewe nikutie humo, atuuguze nani?"

Nikaipokea bunduki. Miaka kumi na moja nilikuwa nimemnunia. Nilipuliza dirisha langu la kwanza huku machozi yamenijaa, na rangi ilichuruzika vibaya mno. Baba alikaa karibu yangu mpaka nikamaliza, na mlango aliuacha wazi.