Kumi na Mbili Iko Wapi?

Siku ile ingali mbichi kichwani mwangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi watu wa nyumbani wananiuliza kulikoni.

Ilikuwa Johannesburg, miaka michache kabla ya korona, nami ni binti wa Tanga niliyejiona najua kila kitu. Nilikuwa nikishona kwa Mama Odette, Mkongo wa Lubumbashi, mjane aliyevuka hamsini, chumbani kwake mtaa wa Bellevue. Kazi yetu kubwa ilikuwa sketi za marinda za mwalimu mmoja wa flamenko, ile ngoma ya Wahispania ya visigino na makofi. Mama alizishona mwaka mzima, mwisho akajishonea ya kwake, nyekundu, akaenda kujiandikisha. Wenzake wa kanisani wakamcheka, bibi mzima na marinda. Yeye akasema aliacha kucheza siku alipomzika mumewe, na sasa amechoka kuacha.

Mwisho wa mwaka wanafunzi wangeonyesha walichojifunza, na Mama alipewa dakika mbili jukwaani, peke yake. Mpiga makofi wake nikawa mie. Usiidharau kazi hiyo. Katika flamenko mchezaji anakanyaga juu ya makofi kama wewe unavyokanyaga sakafu.

Mtindo wake uliitwa buleria. Una mapigo kumi na mawili yanayozunguka, na katika hayo mazito ni matano: mawili ya kwanza yanakupa nafasi ya kuvuta pumzi, matatu ya mwisho yanakuja mbiombio. Mwalimu alichora duara kubwa ubaoni lenye nukta kumi na mbili, bila namba, akasema tulione kama saa ya ukutani. Kiingereza chake kilinipita, Mama akanitafsiria: mwalimu atapitisha fimbo kwenye nukta, nami niingie fimbo ikifika kumi na mbili. Nikajibu sharp, ndiyo sawa yao ya kule. Mwalimu akataka tujaribu pamoja palepale, nikasema haina haja, mie mtoto wa Tanga, ngoma nimezaliwa nayo. Wiki nzima nikapiga makofi peke yangu kando ya cherehani, na wallahi yalikaa sawasawa.

Siku ya mazoezi ya mwisho gitaa likaanza, fimbo ikazunguka, nikaingia. Mama akakanyaga, akajikwaa. Tukarudia, akajikwaa tena. Mara ya tatu akasimama kabisa, kashika sketi yake. Mwalimu, aliyekuwa akiitazama miguu ya Mama tu, akasema kwa upole kwamba si neno, Mama anaweza kucheza nyuma, na kundi, si lazima awe peke yake. Nami, Mungu anisamehe, badala ya kunyamaza nikasema mbele za watu kwamba miguu ya Mama ndiyo imechoka, umri nao una yake.

Mama aliinama akaanza kufungua viatu. Kisha akasita, akautazama ubao, akaniita.

"Mwajuma, nioneshe kumi na mbili iko wapi."

Nikaweka kidole chini kabisa, pale mshale unapokaa jioni watu wakijiandaa kwa magharibi.

"Na hii ya juu?"

"Hiyo saa sita, Mama."

Akacheka hadi akaketi chini. Yeye saa alifundishwa na masista, kwa Kifaransa, na kwake kumi na mbili iko juu. Kwetu siku huanza alfajiri, mchana mshale ukiwa juu ni saa sita, na kumi na mbili iko chini. Tumesema Kiswahili kimoja, nusu duara ikapotea katikati yetu. Nilikuwa nikianza pale yeye alipofika nusu ya safari.

Nikadhani yamekwisha kwa kicheko. Lakini alinishika mkono, na uso wake haukuwa na kicheko tena.

"Saa si kosa, mtoto wangu. Lakini uliniona nikijikwaa mara tatu, na hata mara moja hukujiuliza kama ni weye."

Nililia palepale kwa aibu. Mwalimu akatupa nafasi moja tena, tukajaribu, ikakaa.

Jumamosi alasiri ukumbini hapakuwa na ubao wala fimbo. Kabla gitaa halijaanza Mama alinitazama, akainua kidole kimoja juu, midomo ikimcheza. Sikuhesabu kitu. Niliitazama miguu yake, na kisigino kilipotua viganja vyangu vilikuwa vimekutana palepale. Wale wa kanisani, mstari wa nyuma, walipiga vigelegele hata kabla hajamaliza. Eish, nilifurahi kama niliyeolewa.

Basi shika hili, mwanangu. Mtu akiwa peke yake hakosei mdundo. Mimi wiki nzima sikukosea. Ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho, na kabla hujalivunja uliza ni lipi, kwani kuuliza si ujinga. Uliza hata lile neno unalodhani unalijua tangu utotoni. Na ukimwona mwenzio anajikwaa mbele yako, kabla hujaisema miguu yake, tazama kwanza viganja vyako.

Mola akujaalie mtu wa kukuuliza kumi na mbili yako iko wapi, na akupe moyo wa kumwonyesha.