Kilichokuwa Juu ya Dari Yetu

Mwezi uliopita nilikaa sebuleni kwa binti yangu, hapa Nakuru, nikimtazama fundi akitoboa dari aweke taa ambazo binti alikuwa amezichagua kwa wiki mbili nzima. Vumbi lilipoanguka tu, nikaziba pua nikatoka nje. "Mama, unaumwa?" akaniuliza. Siumwi, nilimjibu. Lakini wewe msomaji nitakuambia, mradi uwe hujatoka kula sasa hivi.

Miaka ya hamsini baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha unga, nasi tukiishi katika nyumba za wafanyakazi: chumba kimoja, na dari ya mbao nyembamba yenye madoa ya rangi ya chai. Chumba kilinuka. Ilikuwa harufu ya mkojo uliolala, ikichoma macho, ikiingia kwenye maharagwe, kwenye blanketi, kwenye nywele. Mama alisugua sakafu asubuhi na jioni mpaka vidole vikachubuka, na harufu ikabaki.

Alimwendea nyapara wa nyumba akamwomba aje aone. Hakuja. Alimjibu mbele ya watu: "Harufu mmekuja nayo kutoka kwenu. Msisingizie nyumba." Shuleni nako mwalimu akanihamishia benchi la nyuma, karibu na dirisha, na darasa zima likaelewa kwa nini.

Kisha tukasikia tunawekewa stima. Kiwanda kingeleta waya na balbu, lakini kifuniko cha kioo cha balbu kila familia ijichagulie. Mama alinishika mkono tukaenda dukani kwa Mhindi. Kulikuwa na vya kijani, vya maua, vya mikunjo kama sketi. Alivigeuza kimoja kimoja, akachukua cheupe kabisa. "Uchafu ukikaa hapa tutauona," akasema.

Fundi wa stima alikuja Jumamosi asubuhi, sufuria ya maharagwe ikiwa mezani. Alipanda ngazi, akaanza kukata mbao kwa msumeno. Mara akasita.

"Mama, ondoa mtoto. Huku juu kuna mambo."

Hakumaliza. Mbao zilikatika, na mzigo wote ukashuka: kinyesi cha popo, cheusi, kingi kama magunia mawili, kimelowa mkojo, na ndani yake popo waliooza na funza wakijinyonganyonga. Kilijaza sufuria. Kilimwagika kitandani. Kidogo kiliniingia mdomoni, na hadi leo ulimi wangu unakikumbuka. Fundi alishuka mbio akatapikia mlangoni.

Mama hakupiga kelele. Alilitazama lile rundo, akasema polepole, "Kumbe si sisi."

Akachukua debe, akalijaza kwa mikono yake, akajitwika. Baba akamkimbilia. "Utanifukuzisha kazi!"

"Basi tufukuzwe tukiwa wasafi."

Wanawake wa laini yetu, safu yetu ya nyumba, walimfuata, nami nyuma yao, nikitema mate njia nzima. Nyapara alikuwa ofisini akinywa chai. Mama akalitua debe mezani, kando ya kikombe.

"Mzee, nimekuletea ile harufu ya kwetu. Inuse vizuri."

Nyapara aliruka, leso puani. "Toa takataka zako hapa!"

"Zangu? Zimekaa juu ya kichwa cha mtoto wangu miaka mitatu."

Aliliacha debe palepale, akageuka.

Baba hakufukuzwa. Siku chache baadaye watu wa kiwanda wakaja na makoleo, wakafungua dari za laini nzima, na kila nyumba ilikuwa na mzigo wake. Taa yetu ikawashwa, nyeupe, safi. Hakuna aliyetuomba radhi. Mwalimu aliniacha benchi la nyuma mpaka mwaka ukaisha, nami nilipopita karibu naye bado alikunja pua, kwa mazoea tu.

Nyumba zile zilibomolewa zamani. Nyapara, fundi, baba, wote wameshaondoka duniani, na siku hizi hapo pana maduka ya simu. Nikipita natamani kutema mate, na mate yenyewe sijui nimtemee nani. Popo niliwasamehe; pale palikuwa makao yao. Lakini mama alizikwa kabla sijamwambia jambo moja: kwamba mwaka ule, kabla dari haijakatwa, nilikuwa nimeanza kulala nikimpa mgongo, nikidhani ni yeye anayenuka.