Mwanafunzi Mwenye Ndevu na Ng'ombe Wake

Lemayian wa Sakaya alikuwa anakaribia miaka thelathini na mitano, ana mke mmoja, binti mmoja, ndevu chache anazozitunza, na hajui kusoma. Hilo la mwisho halikumsumbua hata siku moja, mpaka mwaka alioilipa kodi ya kibanda mara mbili.

Ilikuwa hivi. Alilipa kodi bomani Arusha, akapewa karatasi. Siku hiyo hiyo akanunua blanketi dukani, akapewa karatasi nyingine. Alipofika nyumbani Kisongo, moja akaitia ndani ya pembe yake ya ugoro, mahali ambapo mtu wa heshima huweka vitu vya heshima, na nyingine akawashia moto. Miezi ikapita, askari wakaja kuuliza karatasi za kodi. Lemayian aliifungua pembe kwa madaha makubwa, akatoa ushahidi kamili kwamba blanketi lake halikuwa la wizi. Akalipa tena.

Mtu mwingine angewalaani Wajerumani. Lemayian alikwenda kwa mwinjilisti aliyekuwa akifundisha watu kusoma huko huko Kisongo, na baada ya miaka miwili alikuwa amesoma kila kitu chenye maandishi katika upande ule wa nchi, yaani Injili moja, katekisimu moja, na sanduku la sabuni. Basi akakitamani chuo cha walimu cha misheni, kule kwenye mteremko wa Meru. Aliyekaa huko miaka miwili alitoka mwalimu.

Mzee Sakaya, baba yake, aliipokea habari hiyo akiwa anamkagua mbuzi meno.

"Unataka kwenda kukaa na watoto."

"Nataka kwenda kusoma, baba."

"Na watoto."

"Wamo, ndiyo."

Mzee akaufumba mdomo wa mbuzi. "Sikukatazi. Lakini usiende kusema nimekubali. Mimi sijasema neno. Nilikuwa namtazama mbuzi."

Nosim, mke wa Lemayian, alikuwa amesikia yote kutoka mlangoni. "Baba Naipanoi," alimwambia mumewe walipobaki wawili, "mzee wako ni mwiba wa unyayoni. Haingii, hatoki. Nenda. Shamba nitalilima mimi, kama ninavyolilima siku zote ukiwepo."

Akaenda.

Chuo kilikuwa chini ya Mjerumani mmoja ambaye watu walimwita Bwana Kengele, kwa kuwa hakuna jambo alilolifanya bila kulipigia kengele kwanza. Msaidizi wake na mkalimani wake alikuwa mwalimu Solomoni, Mmeru wa kule kule mlimani, mtu mpole aliyeamini kwamba Waarusha, kabila la Lemayian, hunywa maziwa kwa sababu hawajui kupika ndizi.

Sheria ya ada ilikuwa fupi. Kijana aliyeletwa na baba yake alisoma bure, misheni ikimlisha, kwa sababu baba aliyemleta mtoto kwa hiari yake alionekana kuwa malipo ya kutosha. Mtu mzima aliyejileta mwenyewe alijilipia: rupia ishirini kwa mwaka, au kitu cha thamani hiyo.

"Baba yako yu hai?" Bwana Kengele aliuliza.

"Yu hai."

"Amekuleta?"

Lemayian alimkumbuka mbuzi. "Hapana."

"Basi nitajuaje kwamba wewe ni mtu wa kujitegemea?"

Swali hilo lilikuwa gumu kuliko Mjerumani alivyodhani. Kwa Waarusha, mwanamume ambaye baba yake yu hai ni mtoto, hata mvi zikimwota. Ng'ombe anaowachunga ni wa baba mpaka baba aseme vingine, na akina baba hawana haraka ya kusema. Lemayian alifikiri kidogo, kisha akaifungua pembe ya ugoro na kutoa karatasi ya kodi, ya kweli safari hii. Bwana Kengele aliisoma, akaridhika. Mwenye kulipa kodi ya kibanda ana kibanda, na mwenye kibanda ni mtu mzima. Katika daftari lake akaandika: *anajitegemea*. Huenda huo ndio wakati pekee kodi ile ilipomfaa aliyeilipa.

Juma lililofuata Lemayian alirudi na ng'ombe. Aliitwa Keri, kwa madoa yake, na alikuwa na mimba. Lemayian alisimama naye mbele ya nyumba ya Bwana Kengele, kamba mkono mmoja, majani mabichi mkono wa pili, akasema maneno ambayo baba zake walikuwa wakiyasema walipopeleka ng'ombe kwa rafiki:

"Nakuletea ng'ombe wangu akae kwako. Maziwa yake ni yako. Mtunze vizuri."

Solomoni akatafsiri: anakuletea ng'ombe wake akae kwako, maziwa yake ni yako, umtunze vizuri. Hakuna neno hata moja lililopotea njiani. Bwana Kengele aliguswa, akashukuru, akaandika: *amelipa, ng'ombe mmoja*. Lemayian akarudi akijua kwamba amemweka ng'ombe kwa rafiki, kama watu wanavyowekeana ng'ombe tangu zamani: rafiki anakunywa, mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe, na ndama ni wa mwenyewe. Maziwa ya miaka miwili kwa masomo ya miaka miwili. Aliona Wajerumani hawana choyo.

Mwaka ukaenda vizuri. Kwenye benchi alikuwa akiwapita wenzake kwa kichwa kizima na kwa binti mmoja. Hesabu zilimtesa, kuimba alikuweza. Kila Jumamosi alipita zizini kumwona Keri, aliyezaa mapacha, dume na jike, jambo ambalo ng'ombe hawalifanyi mara kwa mara. Alimtumia Nosim salamu kwamba masomo yanaendelea na ng'ombe wanaongezeka.

Sikukuu ya Kuzaliwa Kristo ilipofika, chuo kilikula nyama. Lemayian alipata ubavu, akausifu.

"Ni laini, kweli," Solomoni alisema akijipangusa vidole. "Yule dume wa Keri alikuwa amenona."

Lemayian aliuweka mfupa chini. Ndama wa ng'ombe uliyewekewa haliwi bila mwenyewe kuulizwa, na hapa aliyepaswa kuulizwa alikuwa ameomba aongezwe mchuzi.

Siku ya tatu kengele ikalia, akaitwa ofisini.

"Mwaka wa kwanza umekwisha," Bwana Kengele alisema. "Mwaka wa pili utalipa nini?"

"Ng'ombe wangu bado yuko kwako."

"Ng'ombe wangu," Bwana Kengele akamsahihisha, bila ubaya, kama anavyosahihisha hesabu.

Walitazamana. Solomoni, katikati, alifumbua macho taratibu, kama mtu anayeona moshi ukitoka katika nyumba yake mwenyewe. Alieleza huku, akaeleza kule. Haikusaidia. Bwana Kengele alikuwa na maandishi. Alimpa Lemayian wiki mbili: alete rupia ishirini, au aende nyumbani.

Rupia ishirini hakuwa nazo. Rafiki akikataa kukurudishia ng'ombe wako, hubishani naye peke yako. Unaleta mzee anayejua ng'ombe ametoka zizi gani. Na mzee huyo alikuwa mmoja tu.

Mzee Sakaya alisikiliza kisa chote mpaka mwisho. Habari za chuo hazikumtikisa. Aliposikia kwamba kuna mtu anasema Keri ni wake, alisimama na kutafuta fimbo.

Alifika chuoni kesho yake mchana, mwanawe nyuma yake, akaketi ofisini bila kukaribishwa.

"Ng'ombe yule ametoka kwenye zizi langu," alisema. "Huyu ni mtoto wangu. Mtoto hauzi ng'ombe wakati baba yake anapumua. Kama ameuza, hakuuza. Muulize yeyote."

Solomoni alitafsiri kwa uangalifu mkubwa. Bwana Kengele alivua miwani, akaipangusa.

"Mwambie: kwenye daftari langu mwanawe ni mtu anayejitegemea."

"Anajitegemea wapi?" mzee akauliza. "Mimi si nipo hapa?"

Bwana Kengele alikuwa mtu wa sheria, na hilo ndilo lililomwokoa Lemayian. Kama mtu huyu anajitegemea, ng'ombe ni wa misheni na mwaka wa pili una deni. Kama hajitegemei, ng'ombe hakulipwa. Lakini basi huyu ni mtoto, na baba yake yuko mbele ya meza, amekuja naye kwa miguu kutoka Kisongo. Alichovya kalamu, akaikata *anajitegemea* kwa mstari ulionyooka, akaandika juu yake: *ameletwa na baba yake*.

"Ameandika nini?" mzee aliuliza.

Lemayian alimsomea.

"Sikumleta! Nimemfuata ng'ombe!"

"Asome bure," Solomoni akatafsiri haraka maneno ya Bwana Kengele. "Ng'ombe abaki mpaka amalize, maziwa yetu. Ndama jike ni wako, mzee, umchukue leo."

Mzee Sakaya alikuwa amekuja kugomba, na kumbe ameshinda kitu ambacho hakukitaka.

"Na yule dume mliyemla?"

"Mwanao naye alikula," Solomoni alisema.

"Kiasi gani?"

"Ubavu mmoja," Lemayian alikiri.

"Basi toeni ubavu mmoja, mnilipe kilichobaki."

Akalipwa blanketi, pamoja na karatasi yake. Jioni alishuka mlima akimswaga ndama, blanketi begani. Penye kona aligeuka.

"Wewe!" alimwita mwanawe. "Usome, basi. Wasije wakasema nimemleta mjinga."

Lemayian alimaliza mwaka wa pili akiwa wa sita, na katika orodha ya waliofaulu aliandikwa pamoja na vijana, akiwa na ndevu zake zote. Nosim alimcheka siku tatu, akimwita mtoto wa Sakaya kila alipompa chakula.

Mwezi huo huo alikwenda bomani kulipa kodi ya kibanda. Karani hakumwuliza ameletwa na nani. Alipokea fedha, akampa karatasi.

Lemayian aliisoma yote, mpaka tarehe, ndipo akaitia kwenye pembe.