Mboga Ambazo Sikuzichambua

Jamani, hili huwa nalisimulia nimeangalia chini, maana aibu yake haijaniisha. Ni enzi za Ujamaa, tumeshahamishiwa kijiji kipya huku upande wa Ihanja, nyumba zimepangwa mistari, na kila kaya imeambiwa ipande maua mbele ya mlango. Mimi nikapanda yale meupe marefu kama tarumbeta, mbegu nimeletewa kutoka Manyoni, nikajiona mjanja kijiji kizima.

Mvua zilizofuata yakajiotea yenyewe katikati ya mchicha wangu. Siku ya mkutano wa kijiji nimechelewa, nikachuma mboga haraka haraka na (mimi huyu ninayewasema wenzangu kwa uvivu) sikuzichambua, nikatupia chunguni na mlenda, nikala ugali peke yangu, mume wangu ameshatangulia, nikakimbilia mkutanoni.

Mwenyekiti anaongea, mdomo ukanikauka hata mate sina, jua linanichoma macho, moyo unakwenda mbio. Halafu nikamwona mama yangu, ambaye tulimzika kijiji cha zamani. Amesimama nyuma ya jirani yangu Bibi Salome, mjane anayeishi peke yake, na Bibi Salome amemshika mkono.

Nikainuka, nikaamkia, "Shikamoo mama." Watu wakageuka, hawaoni mtu. Nikasema, "Bibi Salome, mwachie mama yangu." Waliokaa karibu na yule bibi wakasogea mbali naye. Mimi nikaanguka.

Nilizindukia zahanati. Mganga alishaangalia mboni za macho yangu zilivyopanuka, akaniuliza nilikula nini na nimepanda nini. "Ua lile lina sumu, majani mpaka mbegu," akaniambia, "na kuchemsha hakuitoi. Inakausha mdomo, inakimbiza moyo, inakuonyesha wasiokuwepo."

Niliporudi hakuna aliyechota maji pamoja na Bibi Salome, na wapo waliotaka afukuzwe kijijini kwa uchawi. Nikasimama mkutanoni tena, nikaeleza mboga, ua, sumu, yote. Mzee mmoja akanijibu taratibu, "Kakufunga mdomo huyo, mwanangu." Wenzake wakaguna kukubali. Nilipokuwa sina akili waliniamini kwa neno moja, akili imenirudia hakuna anayenisikia. Nililia palepale mbele za watu.

Maua niling'oa nikafukia, na mboga sasa nachambua jani kwa jani hata wageni wakisubiri. Kila Jumapili nikawa nakula kwa Bibi Salome, mlangoni kabisa, wapitao wanione. Hawakumfukuza. Ila siku alipokufa, kaburi lake alilichimba mume wangu peke yake.