Dawa ya Kupulizia

Mapafu ya mama yalichakaa kwa miaka mingi ya moshi wa kuni. Ndivyo alivyosema daktari wa mjini Morogoro. Alinikabidhi mimi kikopo kidogo cha kubonyeza, maana mama alikuwa akihema tu. "Dawa ya kupulizia hii. Kifua kikibana, mara mbili." Nikaitikia kama mtu aliyeelewa. Nilikuwa na haraka ya kuwahi lori la kurudi Mgeta.

Dawa ya kupulizia tuliijua sana. Shamba la ujamaa lilikuwa na bomba moja la kubeba mgongoni, la kupulizia kabichi sumu ya wadudu, na bwana shamba alituonya hadi tukakariri: funga kanga mdomoni na puani, upe upepo mgongo, ole wake atakayeionja. Mama ndiye aliyeyashika maonyo hayo kuliko wote. Aliwahi kunichapa, mtu mzima mimi, kwa kula karoti siku ya zamu yangu ya bomba kabla sijanawa.

Basi kifua kilipombana, nilimfunga kanga usoni, nikajifunga na mimi, nikamfungua vifungo vya gauni na kumpulizia kifuani. Mara mbili, kama tulivyoagizwa.

Haikusaidia. Kifua ni hiki, dawa ni hii, sasa nimekosea wapi? Nikaongeza na mgongoni. Ukungu wa Juni uliposhuka, akawa hawezi kumaliza sentensi. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, kana kwamba anakaidi kupona.

Nikamwacha na jirani, nikapanda lori la kabichi kwenda kumshtaki daktari kwa daktari mwenyewe. Akaniuliza tunaitumiaje. Nikamwonyesha, kanga na yote. Hakucheka.

"Inapuliziwa mdomoni, dada. Anaivuta ndani na pumzi."

Njia nzima ya kurudi nilikishika kikopo kipya alichonipa bila kujua nimwamini nani, daktari au bwana shamba.

Nilimkuta mama ameketi kitandani, mikono magotini, midomo imebadilika rangi. Aliponiona na kikopo, akavuta kanga ajifunge. Nikaiondoa.

"Fungua mdomo, Mama."

Alikitazama kikopo, akanitazama mimi. Pumzi aliyokuwa nayo haikutosha maneno mengi.

"Mwanangu, umechoka kuniuguza?"

Na kabla sijajibu, akafungua mdomo.