Athanasie na Wezi wa Gazetini

Pombe ya ndizi ya Athanasie ilijulikana mtaa wetu mzima wa Kimisagara, na mimi, fundi cherehani wa mlango wa pili, nilikuwa mteja wake mwaminifu. Kabla ya kukupa kibuyu alipiga funda la kwanza mwenyewe, kama desturi yetu inavyotaka, ujue hamna sumu. Mjane huyo alilea watoto wake kwa kibuyu hicho.

Mwaka 1992 Cassien, mwashi mpenda ngoma, alivua viatu kilabuni kwa Athanasie ili acheze vizuri, akaenda nyumbani peku. Mkewe, Daphrose, alipouliza viatu viko wapi, Cassien aliona aibu. Akasema wezi wamemtilia dawa kwenye pombe wakamvua. Daphrose akamsimulia mwandishi mmoja, na gazeti likapiga kelele: "Genge la watia dawa Kimisagara!" Nakala moja tu ilifika mtaani, ikasomwa kwa sauti karakana hadi karakana. Habari ilipofika mtaa wa jirani, Muhima, wezi walishakuwa na bastola.

Konseye wa sekta, yaani kiongozi wa eneo letu, naye akasoma, akatoa amri: doria ya wakazi kila jioni, na vilabu vifungwe kabla ya jua kuzama. Nilikasirika mno. Mtu mwenye kazi atakunywa saa ngapi? Pombe ya Athanasie ikachachia mitungini, na alijua mwezi mmoja wa hivyo ungemfungisha kilabu moja kwa moja.

Kwenye mkutano wa sekta alikuja na kibuyu na mfuko. Akapiga funda, akamkabidhi konseye. Konseye alikishika tu, hakunywa. Hapo Athanasie akatoa viatu.

"Daphrose, hizi viatu iko za nani?"

"Yoo! Iko za bwana yangu!"

"Alitoa juu ya kucheza. Mimi nilitunza tu, nangoja arudi."

Tulicheka hadi machozi. Konseye akanywa, akaifuta amri ya kufunga. Doria aliibakisha, eti watu bado wana hofu.

Ikawa heri kwetu. Kila jioni doria ilianzia kwa Athanasie, fimbo zimeegemezwa ukutani, na biashara ikanoga kuliko zamani. Nilimfurahia kwa moyo wote. Gazeti halikuandika neno kuhusu viatu.

Jioni moja Cassien, naye mwanadoria, aliketi na viatu vyake vilevile miguuni. Athanasie akaonja, akampa kibuyu. Cassien hakukipokea.

"Mama, onja tena kidogo. Ile gazeti haijasema kama ilikuwa uongo."